Darubini ya Mtani

Watu wa Thornton Heath, London, wanaomfahamu Sultan Maganga watakwambia kwamba ni dereva wa basi, mgane wa siku nyingi, mtu wa Tabora, na kwamba aliwahi kuiba darubini ya marehemu msibani, mchana kweupe, mbele ya wafiwa. Ni kweli tupu, hata hilo la mwisho. Ila hilo la mwisho wengi wamelibeba nusu nusu na kulitembeza mpaka Ilford, na mimi habari ya nusu nusu inanikera. Basi kaa, nikusimulie yote.

Sultan alipofika London akiwa kijana, kazi yake ya kwanza ilikuwa kufua mashuka katika hospitali moja kubwa kusini mwa mto. Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa, hakina dirisha. Siku moja akaingia mwanamume mrefu, mwembamba, anasukuma mkokoteni wa mashuka machafu, na kifuani ana kibandiko cha jina: K. Ngonyani. Sultan alilisoma lile jina, na salamu akaiweka kando.

"Ngonyani," akasema. "Kwa hiyo mmetufuata mpaka huku."

Yule bwana akasimama. Akamwangalia juu mpaka chini. "Wewe mtu wa wapi?"

"Tabora."

"Mnyamwezi," akasema taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. "Afadhali. Nilikuwa natafuta mpagazi wa kunibebea huu mzigo." Akauachia mkokoteni palepale, akaondoka zake mikono mitupu, anapiga mluzi. Huyo ndiye Kassian Ngonyani, msukuma vitanda vya wagonjwa na mizigo wa hospitali ile, na Sultan alicheka peke yake mle chini mpaka zamu ikaisha. Ilikuwa miezi mingi hajacheka hivyo.

Kwa asiyejua: Wangoni walipopanda kutoka kusini enzi za mababu walipigana na Wanyamwezi mpaka wote wakachoka, na uhasama ule ukageuka utani. Mtani wako anaweza kukusema vibaya mbele ya wakwe zako ukacheka. Anaweza kukuinua kwenye kiti chako mwenyewe. Na ukifa, yeye ndiye anayekuja msibani asilie. Anaigiza ulivyokuwa unatembea, anatangaza uchoyo wako, ananyakua jembe lako au kofia yako na kutokomea nayo, mpaka wafiwa wamfuate wakaikomboe kwa kuku au kwa chochote kilichopo. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka, na mzigo unapungua. Kitu kilichochukuliwa na mtani kisipokombolewa ni aibu. Maana yake utani umekwisha, na marehemu amekwisha nao.

Haya. Kassian alikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe ulikuwa sayari.

Aliupata Januari ya mwaka themanini na sita, akiwa kijana wa seminari huko Songea. Padri mmoja alikuwa na redio ya masafa mafupi, na wavulana waliruhusiwa kusikiliza taarifa ya habari baada ya chakula. Jioni moja mtangazaji akasema chombo cha Wamarekani kiitwacho Voyager kimeipita sayari ya Uranus, cha kwanza kufika huko tangu dunia iumbwe. Akasema sayari hiyo imelala ubavu, inakwenda kulizunguka jua kama pipa linalobingirishwa, kwamba imekutwa na miezi ambayo hakuna aliyeijua, na kwamba habari zaidi zinakuja. Kassian alisubiri hizo habari zaidi. Siku chache baadaye chombo kingine cha Wamarekani, chenye watu ndani, kikalipuka angani, na kuanzia hapo redio ikawa haina neno lingine. Uranus haikutajwa tena.

"Nilikatishwa," alimwambia Sultan miaka mingi baadaye. "Ni kama bibi yako anakusimulia, halafu anaitwa nje, harudi."

Ndiyo maana alipopata nyumba na mkewe Adelina, na binti yao Natasha akaanza kukua, kwa pesa ya kwanza ya kuchezea Kassian alinunua darubini. Aliinunua kwa mwalimu mmoja mstaafu, bomba jeupe refu kama mtoto wa miaka kumi, na miguu mitatu ya mbao. Bustani yao ilimulikwa na taa za barabarani kila upande, kwa hiyo waliipeleka kwenye kishamba cha kaunsili, halmashauri ya mtaa, ambacho Kassian alikodi nyuma ya reli, alikopanda mahindi na maboga kwa ajili ya majani. Huko kulikuwa na giza la kutosha. Aliyebeba bomba alikuwa Sultan. Kassian alibeba chupa ya chai.

"Wewe ni mpagazi kwa asili," alimwambia. "Mimi nani nibadilishe historia?"

Majira ya baridi London, saa kumi na moja jioni giza limeshaingia. Walisimama kati ya mabua ya mahindi yaliyokauka, pumzi zikiwatoka midomoni kama moshi, na Kassian akaanza kuelekeza bomba huku na huku na kueleza.

"Wanaziita majitu ya barafu. Ziko mbili tu katika jua letu hili, yeye na Neptune."

"Barafu ya ubuyu au ya maziwa?"

"Barafu ni jina tu, Mnyamwezi. Ndani ni maji, amonia na methani, vimebanwa na kupata moto mpaka vimekuwa uji mzito. Juu yake kuna mawingu yenye baridi ambayo hujawahi kuiota. Ile methani ndiyo inayoipa rangi."

"Kwa hiyo ni uji."

"Ukipenda, ni uji."

"Mngoni amenitoa nyumbani kwenye baridi hii nije kutazama uji."

Kassian hakujali. Alimweleza kwamba aliyeigundua alikuwa mpiga muziki, tena mhamiaji, Mjerumani aliyekuja kutafuta maisha Uingereza, naye aliiona akiwa kwenye bustani ya nyuma ya nyumba yake. Hilo Kassian alilipenda mno, alilirudia kila mwaka. Halafu akarudi nyuma hatua moja, akasema, "Tazama."

Sultan akaweka jicho. Katikati ya weusi palikuwa na kiduara kimoja, kidogo kuliko tembe ya dawa, cha kijani kilichochanganyika na samawati. Kilikuwa kimetulia tuli, hakimetimeti kama nyota. Sultan alisahau kupumua. Hakuhitaji kuambiwa kwamba ndiyo yenyewe. Alimkumbuka mama yake bila sababu, akamkumbuka marehemu mkewe, akasikia furaha na ukiwa vimemshika kwa pamoja, akatamani kitu ambacho hakukijua jina. Nyuma yake Kassian akauliza, "Umeiona?" kwa sauti ya mtoto anayesubiri kusifiwa. Na ulimi wa utani ukamtangulia Sultan.

"Naona taa ya bafuni ya mtu," akasema.

Kassian aliangua kicheko mpaka mbwa wa jirani akabweka. "Bafuni ya nani iko mbali hivyo?"

"Ya Mngoni mwenzio aliyekimbia vita zaidi yako."

Ndivyo ilivyoanza, na ikawa hivyo kila mwaka. Baridi ikiingia, Kassian anapiga simu, Sultan anabeba bomba, Kassian anaitafuta, Sultan anaweka jicho, anaiona, anasema taa ya bafuni. Alipoacha mashuka akawa dereva wa basi, Kassian alisema damu haipotei, sasa anabeba watu sitini kwa mkupuo. Kila mwaka Sultan alirudi nyumbani na kile kiduara machoni, anakaa nacho kitandani kama mtu aliyeficha peremende. Hakusema. Mtani hakubali cha mtani wake kirahisi. Ukikubali, umemharibia mchezo.

Lakini usidhani Kassian alikuwa mtu wa kucheka tu. Kuna kitu kilikuwa kinamla. Akishamaliza chai alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema mambo ambayo nyumbani hakuyasema.

"Mwaka wake mmoja ni miaka themanini na nne ya kwetu. Na kwa kuwa imelala ubavu, ncha yake moja inakaa kwenye jua miaka arobaini na miwili, halafu inaingia gizani arobaini na miwili mingine. Sasa Voyager ilipopita, upande wa kusini ndio uliokuwa na jua. Ile miezi yake yote tumeiona nusu. Kuna mmoja, Miranda, una makovu na magenge kama nguo iliyoshonwa viraka, na hatujui upande wa pili ukoje. Hakuna aliyeuona mpaka leo. Walipita saa chache tu, Sultan. Hawakurudi."

Naye alikuwa hajarudi Songea tangu azikwe mama yake. Kila mwaka alisema mwakani. Natasha alikuwa anakua na Kiingereza chake, akimwelewa baba yake anapoongea Kiswahili ila anamjibu kwa Kiingereza, na alikataa katakata kwenda kusimama shambani kwenye baridi. Kassian hakumlazimisha. Wataalamu wa Marekani waliposhauri kwamba chombo kingine kipelekwe, cha kuizunguka Uranus na kutumbukiza kidude ndani ya mawingu yake, alifurahi kwa wiki nzima, ingawa ulikuwa ni ushauri tu. Akapiga hesabu. Hata kikiruhusiwa leo, kitafika yeye akiwa mzee wa mkongojo.

"Nitakuwepo," akasema. "Nikishindwa kutembea utanibeba."

Kulikuwa na siku moja waliyoingojea wote wawili, kila mtu kwa sababu yake. Mama yake Kassian alikuwa akitazama Kilimia, kile kishada cha nyota, ajue wakati wa kutayarisha shamba, na Kassian alikijua kabla ya kujua kusoma. Uranus inajikokota. Kila mwaka ilisogea kidogo kuelekea Kilimia, na majira ya baridi ya mwaka 2025 ingekuwa jirani yake kabisa. "Hapo hata Mnyamwezi hatakuwa na pa kujificha," alisema Kassian. Sultan naye aliamua kimoyomoyo kwamba ndiyo siku atakayomwambia. Ataweka jicho, halafu atasema, Nimeiona, Mngoni, nimeiona tangu siku ya kwanza. Aliwaza uso wa Kassian utakavyokuwa. Akiwa kwenye taa nyekundu, basi limejaa, alikuwa akitabasamu peke yake.

Kiangazi cha mwaka huohuo Kassian akaugua kongosho. Mwezi wa nane alikuwa amelazwa katika hospitali aliyoifanyia kazi, anasukumwa kwenye vitanda alivyovisukuma. Sultan alikwenda kila baada ya shifti, na sare yake ya udereva. Siku moja alimkuta ameshika simu, macho yanang'aa. Uranus imeonekana na mwezi mpya, akasema, mdogo sana, darubini kubwa ya angani imeupiga picha. Hata Voyager iliupita isiuone.

"Unaona," akasema. "Bado kuna vitu havijaonwa."

Akaiweka simu kifuani. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa.

"Nikifa usiniache niagwe kimya kimya kama wanavyoagana hawa. Umfanyie Adelina msiba wa kweli."

"Nitaiba mpaka sufuria."

Kassian akatabasamu. Kisha akasema, "Mtani. Bila utani. Hukuwahi kuiona?"

Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake maneno hayo, bila utani. Sultan alimtazama. Akajua kwamba akijibu kweli, hapo hapo, atakuwa amemuaga. Atakuwa amekubali kwamba hakuna Kilimia, hakuna shamba, hakuna baridi nyingine. Hakuweza. "Ukitoka hapa," akasema, "tutakwenda nikaione."

"Taa ya bafuni," akasema Kassian, akafumba macho.

Hakutoka. Wiki ya kwanza ya Septemba alifariki, na Sultan akabaki na lile jibu kinywani.

Matanga yalikaliwa nyumbani kwa Kassian, viti vya kuazima kanisani, chai na sambusa, majirani Wazungu wamesimama ukutani na vikombe, watu wananong'ona. Kulikuwa na karatasi yenye ratiba ya nani atasema lini. Natasha, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye miaka ishirini na minne, alikuwa anasimamia kila kitu na nguo yake nyeusi, hajalala siku tatu. Adelina amekaa chini kwenye mkeka, amejitanda khanga. Sultan alisimama mlangoni akaangalia ukimya ule, akakumbuka aliyoahidi.

Akaingia akisukuma kitanda kisichokuwepo, magoti yamekunjwa, mluzi mdomoni, Kassian mwenyewe. Akapita katikati ya watu. "Mngoni huyu," akatangaza, "amenisimamisha kwenye baridi miaka kumi na mbili, ananionesha taa ya bafuni, ananiambia sayari. Nani atanilipa mafua yangu?" Hakuna aliyecheka. Akaenda pembeni ilipokuwa darubini, akaiweka begani, miguu ya mbao akaikamata kwapani, akaelekea mlangoni.

Mama Margaret, Mkenya wa kanisani, akanong'ona kwamba Watanzania sasa wamezidi. Natasha akamkuta Sultan kwenye ngazi za nje.

"Iweke chini," akamwambia kwa Kiingereza. "Umelewa? Baba hata hajazikwa."

Sasa hapa ndipo penye tabu. Mtani hajielezi. Akianza kusema unajua, hii ni mila yetu, ameshaiua. Wenye msiba ndio wanaopaswa kujua. Sultan akageuka kumtazama Adelina, Mngoni mwenzake Kassian, mtani wake mwingine, aseme neno moja. Adelina alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika. Sultan akadhani amemwongezea kilio.

"Usikanyage hapa tena," akasema Natasha. Mlango ukafungwa.

Mwili ukasafirishwa kwenda Songea, na Adelina na Natasha wakaenda nao. Sultan hakuambiwa siku ya ndege. Alisikia kwa watu.

Darubini ikakaa chumbani kwake, kati ya kitanda na dirisha. Angeweza kuirudisha, akaiweka mlangoni kwao na kuondoka. Lakini mtani akirudisha mwenyewe kitu alichokichukua, amesema kwa mkono wake kwamba hakuna utani tena, hakuna watu wa kukomboa, yamekwisha. Na akikaa nayo, ni mwizi, kama walivyokuwa wakisema. Alichagua kuwa mwizi. Oktoba ikapita. Novemba ikaingia, akasikia kwamba akina Adelina wamerudi, wamemaliza arobaini. Akafagia chumba. Akanunua biskuti za wageni. Kila hodi ilikuwa ya mtu wa vifurushi anayetafuta nyumba ya jirani.

Hamu ya Kassian ilimkaba vibaya. Ruti yake ilipita mbele ya ile hospitali, na kituoni pale alifungua milango hata kama hakuna anayeshuka wala anayepanda, akasubiri kidogo, akafunga. Jioni zenye anga safi alisimama dirishani bila kuwasha taa. Kilimia kilikuwa kinapanda juu ya mapaa, na chini yake kidogo, mahali fulani pale, alijua ipo, imefika kama Kassian alivyosema itafika. Bomba lilikuwa karibu na mkono wake. Hakuligusa, maana kitu cha msiba hakitumiwi kabla hakijakombolewa. Alikuwa na maneno mawili, Nimeiona, Mngoni, na hakuwa na pa kuyapeleka.

Jumamosi moja ya Desemba, jua limeshazama, hodi ikapigwa. Alikuwa Natasha, amevaa koti zito, na mkononi ana boksi la karatasi lenye mafuta mafuta. Hakuingia. Alisimama kwenye korido kama mtu aliyekuja kufanya mtihani.

"Nimekuja kukomboa mali ya baba yangu," akasema. Alisema kwa Kiswahili, neno moja moja, na alikuwa amelifanyia mazoezi, ilionekana.

Sultan akashika fremu ya mlango. "Umekuja na nini?"

"Kuku." Akamnyooshea boksi.

Lilikuwa boksi la duka la kuku wa kukaanga la pale barabara kubwa, lina picha ya jogoo anayecheka. Sultan akalifungua. "Mtani huletewa kuku mzima, anawika, amefungwa miguu. Huyu mbona amekwishakatwa mapaja?"

"Mama alisema nilete kuku," akasema Natasha, amerudi kwenye Kiingereza chake, ameingiwa na wasiwasi. "Kwani siyo sawa?"

"Ana chipsi?"

"Ana chipsi."

Sultan alicheka mpaka akajiegemeza ukutani. Alipojaribu kunyamaza akakuta analia, tena vibaya, boksi limembana kifuani. Natasha alimshika mkono, hakujua afanye nini kingine, na akaanza kusimulia harakaharaka. Kule Songea, jeneza likisubiri kushushwa, mwanamke mmoja aliruka akaingia kaburini. Mnyamwezi wa Nzega, mke wa dereva wa lori, hata hakuwa amemfahamu Baba. Akalala mle ndani, akasema hatoki, kaburi ni zuri, marehemu atafute lake. Natasha alitaka kuita polisi. Akamgeukia mama yake, akamkuta amejifunika khanga, mabega yanatikisika.

"Nikamfunua," akasema Natasha. "Alikuwa anacheka. Anko, alikuwa anacheka na kulia. Nikamuuliza, na siku ile nyumbani? Akasema hata siku ile. Akasema ndiyo mara pekee aliyopumua wiki ile nzima." Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Mama ameningoja tangu turudi. Alisema niliyekufukuza ni mimi, basi nije mwenyewe. Nilikuwa naona haya."

"Imekombolewa," akasema Sultan. "Ichukue."

Hakuichukua. Alilitazama lile bomba jeupe kwa mlango uliofunguliwa. "Sijawahi kuiona," akasema. "Alikuwa ananiomba kila mwaka. Utanionesha?"

Basi wakaenda. Sultan alibeba bomba, Natasha akabeba boksi. Kishamba kilikuwa hakijalimwa, mabua yamesimama yalivyoachwa, ndoo ya Kassian imepinduliwa palepale. Baridi ilikuwa kali na mbingu imefunguka. Sultan alikuwa hajawahi kuitafuta mwenyewe, lakini alikuwa ameitazama mikono ya Kassian miaka yote ile. Akaanza na Kilimia. Akashuka chini kidogo, upande wa kulia. Akapotea, akarudi Kilimia, akashuka tena. Alichukua muda mrefu, vidole vikafa ganzi, Natasha akala chipsi zote. Kisha ikaingia. Kiduara kile kile, rangi ile ile, kimetulia. Kilikuwa hakijui kwamba kuna mtu amekufa.

Sultan akarudi nyuma hatua moja, mpaka mahali alipokuwa akisimama Kassian. "Tazama," akasema.

Natasha akainama, akaweka jicho. Sultan alikuwa nyuma yake, anaona pumzi ikimtoka, wingu dogo jeupe, na jingine, na jingine, zinapanda kupita kofia yake na kupotea. Halafu zikakatika. Hewa juu ya kichwa chake ikawa tupu. Alikuwa ameiona. Aliyesimama pale nyuma hakuhitaji kuambiwa. Ilionekana wazi, kama moshi unavyokatika jiko likizimwa.

Pumzi ikarudi, kubwa. Natasha akasema kwa Kiswahili chake cha kujikwaa, kama mama yake alivyomfundisha, "Naona taa ya bafuni ya mtu."

Sultan alisimama pale. Miaka kumi na mbili Kassian alikuwa amesimama hapa hapa, kwenye baridi hii hii, anatazama pumzi ya Mnyamwezi ikikatika. Alijua. Alijua tangu siku ya kwanza, ndiyo maana alicheka vile. Na hospitalini hakuuliza kwa kuwa hakujua. Aliuliza ili aambiwe.

"Nimeiona, Mngoni," akasema Sultan, chini kwa chini.

"Umesema nini?" akauliza Natasha, jicho bado liko kwenye bomba.

"Nimeuliza, bafuni ya nani iko mbali hivyo."